Nyumba ya Mkasi

Pale Gede kuna nyumba inayoitwa Nyumba ya Mkasi. Iliitwa hivyo kwa sababu wachimbaji walipoondoa vifusi vyake walikuta mkasi. Nyingine inaitwa Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyingine, Nyumba ya Ushanga wa Venezia. Kuna ya Sanduku la Pembe, ya Bakuli la Kauri, ya Sarafu za Kichina, na kuna ya Simbi, zile kombe ndogo nyeupe zilizowahi kutumika kama pesa. Nilizunguka nikiyasoma majina haya na sikukuta nyumba hata moja yenye jina la mtu.

Mwanzoni nilicheka. Nilikuwa nimesimama na chupa ya maji iliyokwisha, kima wawili wakiniangalia kutoka juu ya ukuta kama makanga wanaosubiri abiria wa mwisho. Usiku, nikiwa nimelala Watamu kwenye chumba cha bei ya chini, kicheko kiliisha. Niliwaza: mtu akifukua chumba changu pale Umoja miaka 600 kutoka sasa, atakiita nini? Nyumba ya Chaja? Nyumba ya Sufuria Iliyoungua? Na mimi niliyelipa kodi humo kila mwezi, mara nyingine kwa kuchelewa, nitakuwa wapi kwenye hilo jina?

Nataka tuisome Gede jinsi tunavyosoma kitabu kwenye kurasa hizi. Magofu yana waandishi. Wa kwanza ni wale waliojenga. Wa pili ni aliyechimba, akaamua ukuta upi usimamishwe tena na upi uachwe. Wa tatu ni anayekata njia ya wageni, akaamua uanzie wapi na umalizie wapi. Wa nne ni sisi tunaoenda na simu zetu na kurudi na maelezo. Kila mmoja ameongeza kitu na kila mmoja ameficha kitu. Nitaanza na makosa ya huyu wa nne, kwa sababu huyo ni mimi.

*

Nilikuwa nimeandika kuhusu Gede kabla sijaiona.

Mimi huishi kwa kuandikia watu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo nimeandika chochote kinacholipwa: maelezo ya sabuni, hotuba ya harusi, wasifu wa mtu anayetaka kura za wadi. Mteja mmoja wa mambo ya utalii alinipa kazi ya kuandika kuhusu maeneo ya ajabu ya Pwani. Maneno 600, shilingi 900, pesa baada ya wiki mbili ambazo ziligeuka kuwa saba. Nikaandika kuhusu mji uliotoweka msituni. Nikaandika ati hakuna anayejua watu wake walienda wapi. Nikaandika kwamba ukitembea pale jioni utasikia nyayo nyuma yako. Nyayo zenyewe nilizisikia nikiwa Umoja saa saba usiku, jirani wa juu akiburuta kiti.

Makala ilipendwa. Ilinakiliwa huku na kule bila jina langu, hadi siku moja binamu yangu akanitumia kwenye WhatsApp: "Wewe si hupenda historia? Soma hii." Nikasoma maneno yangu kama mgeni, na nikaona aibu. Katika maneno 600 hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekula, aliyechota maji, aliyeamka usiku kwenda choo. Kulikuwa na siri, ukungu na majani. Nilikuwa nimeandika juu ya mji bila kumweka mtu ndani yake, halafu nikashangaa watu wameenda wapi.

Basi nikachanga doo, nikapanda treni hadi Mombasa, nikalala kwa rafiki Bamburi, na asubuhi nikachukua matatu ya Malindi. Nilishuka Gede nikiwa na begi moja na daftari. Nilitaka kujua jambo moja tu: watu hawa waliishije?

*

Tuanze na yale yanayojulikana. Gede ilikuwa mji wa Waswahili. Watu walianza kukaa pale karne ya 11 au ya 12, mji ukastawi zaidi karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukawa umehamwa. Kuna kaburi moja lenye tarehe ya Kiislamu ya mwaka 802, yaani 1399 kwa hesabu ya kawaida, na kaburi hilo limewasaidia sana wanahistoria kupanga mambo mengine yote. Mji ulizungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ndani kabisa kuna msikiti mkuu, kasri, makaburi ya minara na nyumba za mawe zilizobanana. Bahari haionekani. Iko kilomita chache, na katikati kuna mashamba ya watu.

Wareno walikaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, umbali wa takriban kilomita 16, na hawakuandika popote jina la Gede. Hapo ndipo watu kama mimi hupata chakula. Mji mkubwa, Wareno hawakuutaja: siri! Lakini fikiria kidogo. Mgeni kutoutaja mtaa wako si ushahidi kwamba mtaa wako ni wa ajabu. Wageni wangapi wamefika Nairobi, wakalala Westlands, wakaandika kitabu kizima, na hawajui kuna Dandora? Jina Gede lenyewe linasemekana kutoka Kioromo, na maana yake ni kitu cha thamani. Wenyewe waliojenga huenda waliuita mji wao jina jingine kabisa.

Na kuhusu walikoenda, maelezo yapo, tena ya kutosha. Kuna vita vya karne ya 16, wakiwemo Wazimba waliopita pwani hii mwaka 1589. Kuna kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Kuna maji: kina cha maji chini ya ardhi kilishuka, na visima vikalazimika kuchimbwa zaidi. Kuna biashara iliyohamia kwingine baada ya Wareno kuvuruga bahari. Sababu zote hizi ni za kawaida, na hata leo mtaa unaweza kuvunjika kwa mojawapo. Mtu anayehama kwa sababu kisima kimekauka hajatoweka. Amehama. Nilipaswa kujua hilo, mimi ambaye nimehama Kayole, Pipeline na Umoja ndani ya miaka minne, na mara moja kati ya hizo sababu ilikuwa maji.

*

Mwongozaji wangu alikuwa mzee Mgiriama, mwembamba, viatu vya raba, mwendo wa pole. Nilipofika kwenye nyumba ya kwanza nikataka kuonyesha kwamba nimesoma.

"Mzee, hapa ndipo palikuwa sebule?"

"Kijana, wewe wakimbilia sebule," akasema. "Njoo kwanza nikuonyeshe choo."

Na kweli akanipeleka chooni. Choo cha nyumba ya Gede ni chumba kidogo chenye shimo la kina, na kando yake mahali palipojengwa pa kukalia wakati wa kunawa. Kimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kwa makini yale yale ya kibla ya msikiti. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye kasri. Mtu aliyejenga choo hiki alikuwa na mawazo juu ya mwili wake, usafi, haya na swala. Alijua maji yatatoka kisima kipi na nani atayabeba. Nimewahi kukaa kwenye ploti ya vyumba 24 na vyoo viwili. Kwa hiyo naomba mniruhusu nimheshimu huyu bwana wa karne ya 15.

Mzee alinionyesha pia kitu ambacho sikukitaja kwenye maneno yangu 600: vyumba vya Gede ni vyembamba. Virefu kiasi, lakini vyembamba. Sababu yake iko kwenye mikoko. Paa lilikuwa bapa na zito, likibebwa na boriti, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Upana wa chumba ukawa karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Ukijua hilo, nyumba nzima inaanza kusomeka. Utajiri wa mtu haukuonekana kwa chumba kipana. Ulionekana kwa idadi ya vyumba, mmoja nyuma ya mwingine, ukitoka kwenye kiwanja cha mbele kwa wageni kuelekea ndani kwa wenyewe, hadi ghala la mwisho. Ghala hilo mara nyingine halikuwa na mlango kabisa. Liliingiwa kwa tundu lililo juu ukutani. Hapo ndipo mali ilikaa.

Kwa hiyo kabla sijaambiwa chochote kuhusu dini, ukoo au biashara, nyumba ilikuwa imeshaniambia: hapa kuna watu wenye vitu vya kuficha, wageni wa kupokea, na mpaka ulio wazi kati ya mgeni na jamaa. Mpaka huo bado upo Lamu na Mombasa. Ukikaribishwa kwenye daka, umekaribishwa kwenye daka. Usijipeleke jikoni.

*

Sasa tumrudie aliyechimba. James Kirkman alianza kazi Gede mwaka 1948 na akaendelea kwa takriban miaka kumi. Mahali penyewe palikuwa pameshatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, lakini ni yeye aliyeondoa vifusi, akaimarisha kuta, akapima, akachora, akaandika. Bila kazi yake mimi ningefika pale nikaona mizizi na mawe. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ni rahisi sana kwa kijana wa leo kumtupia mzungu aliyekufa lawama zote na kwenda nyumbani.

Hata hivyo mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya uchimbaji wake na akakiita The Arab City of Gedi. Mji wa Waarabu. Jina hilo si kosa la uchapaji. Ni jinsi wasomi wengi wa wakati wake walivyoiona pwani nzima: mawe ni ya waliokuja, udongo ni wa waliokuwepo. Ukishaanza na imani hiyo, vitu utakavyovitafuta na kuvipa heshima ni vile vilivyotoka mbali. Sasa rudi kwenye yale majina ya nyumba. Ushanga wa Venezia. Sarafu za Kichina. Bakuli la kauri. Taa. Mkasi. Nyumba nyingi zimepewa jina la kitu kilichotoka mbali au kitu cha thamani.

Na je, ni nini kilichopatikana kwa wingi? Katika miji ya Waswahili, vigae vingi kuliko vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Kauri za Kichina ni sehemu ndogo. Chungu cha kupikia, kilichofinyangwa pengine na mwanamke aliyeishi mwendo wa dakika chache kutoka pale, ndicho kitu kilichoshikwa kila siku. Lakini hakuna Nyumba ya Chungu. Ukiiita hivyo itabidi uziite zote.

Mambo yamebadilika tangu 1954, na ni vizuri msomaji ajue yamebadilikaje. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, na chini yake akakuta alama za misikiti midogo ya miti na udongo iliyotangulia, kuanzia karne ya 8. Mji haukushushwa na jahazi ukiwa umekamilika. Ulikua pale pale, kutoka udongo hadi mawe, mkononi mwa watu wale wale. Wasomi wa kwetu kama Chapurukha Kusimba wameandika kwa miaka mingi wakisisitiza uhusiano wa miji hii na bara. Kisha Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa DNA, Kusimba akiwa mmoja wa waandishi, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wa miji ya pwani. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Upande wa baba, mara nyingi, ulikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Nimeona watu mitandaoni wakiutumia utafiti huo kama rungu. Mmoja anapiga kelele kwamba Waswahili ni Waafrika tu, mwingine kwamba hadithi za Shirazi zilikuwa kweli. Utafiti wenyewe unawanyima wote wawili raha. Lakini mimi nilisimama kwenye lile neno: mama. Wale mabibi waliozaa mji huu ndio waliofinyanga na kupika, na lugha ninayoandikia sasa hivi ni ya Kibantu. Mtoto hufunzwa kusema na nani?

*

Kuna msomaji mwingine wa magofu ambaye ni lazima nimtaje, kwa sababu alifika kabla ya Kirkman na hakuwa na koleo. Takriban miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate, alitunga Al-Inkishafi. Katika shairi hilo anausemesha moyo wake, anauonya usidanganywe na dunia, na kama ushahidi anaupeleka kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Pale palipokuwa na taa, sherehe na watumishi, sasa kuna ndege na wadudu. Anavitaja hata vidaka vya ukutani vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri, sasa vimekuwa viota.

Ningetamani kila mtu anayekwenda Gede awe amelisoma kabla. Kwanza kwa sababu linajua vitu. Kirkman anaona shimo dogo ukutani na anapima. Sayyid Abdalla anajua nani aliweka chombo gani ndani yake na kwa nini: ili mgeni akiona, ajue amefika kwa nani. Pili, kwa sababu linatuondolea ule ugonjwa wa siri. Kwa mshairi hakuna mji uliotoweka. Kuna watu waliokuwa nacho, wakajisahau, wakafa, na nyumba zao zikafa nyuma yao. Anawajua. Ni ukoo wake na majirani zake.

Lakini nimelisoma mara nyingi sasa, na nikirudi kutoka Gede nilikuta nina ugomvi nalo. Shairi hili, pamoja na utukufu wake wote, linawalilia walionacho. Watumishi wamo ndani yake kama pambo la ukumbi. Kwamba dunia ni tamu halafu inakugeuka ni somo la mtu aliyewahi kupewa utamu wenyewe. Aliyebeba maji ya kujaza lile birika chooni, je, yeye gofu lake liko wapi? Mwanachuoni wa Pate na mchimbaji wa Kiingereza, watu waliotofautiana karibu kwa kila kitu, wamekutana hapo. Wote wawili wameingia mjini kupitia nyumba za mawe.

*

Turudi kwenye zile kuta mbili. Ukuta wa ndani unazunguka msikiti mkuu, kasri na nyumba nyingi unazoonyeshwa. Kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje kuna eneo kubwa ambalo, ukilitazama, ni miti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Gede ilikuwa na watu 2500 au zaidi. Wote hawangeweza kuenea kwenye zile nyumba za mawe. Wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na fito, zilizoezekwa makuti, ndani ya ukuta wa nje na nje yake pia.

Nilimuuliza mzee kama tunaweza kwenda kuziona.

"Kuona nini, mwanangu? Udongo umerudi kuwa udongo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwetu nyumba ikihamwa, mvua mbili tatu na hakuna kitu. Hubaki mti ulokuwa mlangoni. Mkwaju, mwembe. Ukiuona mti peke yake hivi, wajua palikuwa na mtu."

Hapo ndipo ziara yangu ilipogeuka.

Nyanya yangu, mama wa mama, alikufa miaka mitatu iliyopita kule Mumias. Sisi tulimwita kukhu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, sakafu ya kupakwa kwa kinyesi cha ng'ombe, mafiga matatu jikoni, na rafu ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe ukutani, ambapo vikombe vya wageni vilisimama kwa mstari. Vikombe vile hatukuruhusiwa kuvigusa. Nilipoviona vidaka vya Gede niliviona vikombe vya kukhu. Kazi ni ile ile kabisa: mgeni akiingia, aone. Lakini baada ya mazishi hakuna aliyekaa mle. Mvua ya kwanza ikachukua kona. Ya pili ikachukua ukuta wa jiko. Mwaka jana nilipoenda palikuwa na mahindi. Sina hata picha moja ya ndani, maana simu niliyokuwa nayo wakati ule niliitumia kupiga picha za nje, za watu wamevaa vizuri.

Kwa hivyo ninaposema kwamba namna tunavyotembelea historia inawasahau watu wa udongo, sisemi kama mwanaharakati. Ninasema kama mtu ambaye amesahau upande gani wa nyumba ya nyanya yake ulikuwa na mlango wa nyuma.

*

Je, inawezekana kufanya vizuri zaidi? Nafikiri ndiyo, na si kwa pesa nyingi.

Nenda Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji wa karne ya 14 na 15 ulio ukingoni mwa bahari. Jina lake ni la watu wa baadaye, si la wajenzi, lakini angalau lina mtu ndani: mtwana. Ukiingia pale tayari unajiuliza ni jumba gani linaitwa la mtumwa, na swali hilo linakupeleka mbali kuliko mkasi. Pale pia kuna Nyumba ya Jiko. Jina la kawaida kabisa, na ghafla unaanza kuwaza moshi, kuni na nazi.

Nenda Fort Jesus. Watu humaliza muda wao kwenye mizinga, na mimi pia nilimaliza wangu huko nilipoenda na shule. Ngome ilijengwa kuanzia 1593, ikazingirwa kwa karibu miaka mitatu hadi 1698, ikawa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Lakini humo ndani kuna kipande cha ukuta ambapo mabaharia wa Kireno walichora meli, watu na wanyama. Hawakuwa wasanii. Walikuwa watu waliochoka, mbali na kwao, wakiua muda. Simpendi Mreno kwa yale aliyoyafanya Mombasa, lakini michoro ile ni ya mtu, na nilijikuta nikimwelewa kwa dakika mbili.

Na kama uko upande wa magharibi, nenda Thimlich Ohinga, Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ndani ya kuta nyumba zilikuwa za udongo na zimekwenda. Lakini zimebaki alama za mazizi ya ng'ombe na mahali walipopangia vitu. Ukifika pale unafundishwa kuangalia chini, na Gede pia tungeweza kufundishwa hivyo.

Gede yenyewe iliingizwa kwenye orodha hiyo hiyo Julai 2024. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini orodha italeta wageni zaidi, na wageni wataleta waandishi wa maneno 600, na waandishi watataka siri. Ombi langu kwa wenzangu tunaoandika hizo makala, na najua kodi haingoji, ni dogo: kabla hujaandika neno "kutoweka", andika sentensi moja ya mtu akichota maji. Ukishindwa, hujaenda, hata kama ulienda. Na ombi kwa wewe unayekwenda kujipiga picha penye mlango wa kasri, jipige, ni pazuri. Halafu tembea hadi ukuta wa nje, pale ambapo hakuna kitu, ukae dakika tano. Hapo ndipo wengi wetu tungeishi. Tuwe wakweli, bana, ni wangapi kati yetu tungekuwa na nyumba yenye ghala la siri?

*

Niliporudi Nairobi nilimwandikia yule mteja nikamwomba anipe nafasi ya kuibadilisha ile makala, bila malipo. Alijibu baada ya siku nne kwamba inafanya vizuri jinsi ilivyo.

Basi nikampigia mama. Nikamwomba anieleze nyumba ya kukhu, chumba kwa chumba, nami nikachora kwenye daftari lile lile nililoenda nalo Gede. Mlango wa mbele umetazama barabara. Rafu ya vikombe ukutani, mkono wa kulia ukiingia. Kitanda, sanduku la chuma, kuku walipolala. Tulizungumza hadi salio likaisha, akanipigia yeye. Kuhusu jiko tulikwama. Mama anasema mafiga yalikuwa karibu na mlango wa nyuma. Shangazi, tulipompigia, akasema hapana, yalikuwa upande wa pili, na kwamba mama alishaolewa wakati yalipohamishwa. Wakabishana kwa dakika kumi, wakacheka, kisha mmoja akalia.

Nimechora mafiga pande zote mbili. Nje ya mlango nimechora mwembe, ule ambao bado upo katikati ya mahindi, na juu ya ukurasa nimeandika jina la kukhu.